Kiongozi Anayefaa Ni Yupi? Tuanze na Daftari la Kijiwe

Wadau, niko huku mpakani Tunduma. Leo naomba tuongelee jambo ambalo kila kijiwe kinaliongelea, lakini mara nyingi tunaishia kupiga kelele tu: hivi kiongozi anayefaa ni yupi hasa? Uchaguzi ukikaribia utasikia "huyu jamaa ni jembe", "yule hana lolote", "huyu ni mwenzetu". Ukimuuliza mtu, jembe kwa lipi? Anacheka. Nitajaribu kueleza mtazamo wangu nikianzia chini kabisa. Naamini anayeshindwa kumpima mwenyekiti wa kijiwe, hata mbunge atampima kwa fulana na wimbo wa kampeni.

Kuna kijiwe kimoja cha bodaboda hapa mjini ambacho nimekizoea sana. Vijana kama ishirini hivi. Walianzisha mchango wa shilingi 1,000 kila mtu kwa siku, siku sita kwa wiki, ili mwenzao akipata ajali au msiba wasianze kupitisha kofia barabarani. Mwenyekiti wakamchagua mshikaji mmoja mcheshi, mwongeaji kwelikweli, anajuana na kila mtu kuanzia polisi mpaka mama ntilie. Pikipiki ikikamatwa, yeye anapiga simu moja tu na mambo yanaisha. Kila mtu akasema hapa tumepata kiongozi.

Baada ya miezi mitano kijana mmoja akagongwa na gari, mguu ukavunjika. Wakaenda kwa mwenyekiti kuchukua hela. Piga hesabu mwenyewe: watu 20 kwa shilingi 1,000 ni 20,000 kwa siku, ni 120,000 kwa wiki, kwa miezi mitano ni zaidi ya milioni mbili na nusu. Jibu likawa "ipo, njooni kesho". Kesho ikazaa kesho nyingine. Mwisho ndugu wa majeruhi wakauza mahindi yao ya chakula. Na hapa ndipo panaponitatiza mpaka leo: sina hakika kama yule jamaa aliiba. Nyingine alimkopesha huyu, nyingine ikaenda kwenye msiba wa yule, nyingine "kuwaweka sawa" wakubwa fulani. Hakuna aliyeandika. Hakuna aliyeuliza, maana utamuulizaje mtu wa watu? Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari.

Wakamchagua mwingine. Huyu mpole, anaongea taratibu mpaka unasinzia. Alifanya mambo matatu tu. Alinunua daftari la shilingi chache, akawa analisoma mbele ya wote kila Jumamosi jioni. Alihakikisha hela haitoki bila watu watatu kukubaliana. Na jina la asiyelipa alilisoma hata kama ni la rafiki yake. Wakamwita mnoko. Lakini ajali ya pili ilipotokea, hela ilitoka siku hiyohiyo. Wadau, tukimaliza hapa nadhani nusu ya mada imeisha. Kwa mtazamo wangu, kiongozi anayefaa ni yule anayekubali kuulizwa, na ambaye ana jibu lililoandikwa. Mengine yote, sauti nzuri, elimu, umri, ukali, yanakuja baadaye. Hebu tuyaangalie moja moja, na mifano ya watu tunaowajua.

1. ANATOA HESABU BILA KUSUBIRI KUBANWA

Vijana wengi tunadhani kumuuliza kiongozi kuhusu hela ni ukorofi au "siasa". Si kweli, ni utaratibu wa nchi. Kwa vijiji, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeweka Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18, na mkutano huo wa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Huku mjini tuna mitaa badala ya vijiji, nayo ina mikutano yake. Wewe uliye na miaka 18 unayekaa Ileje, Momba au Mbozi vijijini, humwombi mtu ruhusa ya kuingia kwenye mkutano huo. Ni wako.

Hapa kuna kitu watu wengi wanakichanganya. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa tunamchagua sisi, mara ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Diwani na mbunge nao tunawachagua. Lakini mtendaji wa kijiji au mtaa ni mwajiriwa, mkurugenzi wa halmashauri ni wa kuteuliwa, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wanateuliwa na Rais. Kwa hiyo ukiwa na kero ya ardhi au mchango wa shule usiojulikana ulikokwenda, usikimbilie kumsubiri mkuu wa mkoa apite na msafara. Anza na yule uliyempa kura, mbele ya watu, kwenye mkutano. Yeye ndiye mwenye deni na wewe moja kwa moja.

2. ANAWAJIBIKA HATA KAMA MKONO WAKE HAUKUWEPO

Hili ni gumu, na ndiyo maana mifano yake ni michache. Mwaka 1976 kule Mwanza na Shinyanga watu walikamatwa katika operesheni ya kupambana na mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Baadhi yao waliteswa na wakafia mikononi mwa dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu wala hakutuma mtu akapige. Lakini mwaka 1977 alijiuzulu, kwa sababu waliofanya vile walikuwa chini ya wizara yake.

Sasa angalia kilichofuata. Alipelekwa kuwa balozi Misri, baadaye akarudi, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alifariki Februari 2024, na katika rambirambi nyingi watu walikumbuka kule kujiuzulu. Kwa hiyo ile hofu ya wakubwa kwamba ukiachia ngazi umekwisha, siyo kweli siku zote. Wananchi wanajua kutofautisha mtu aliyefukuzwa na mtu aliyesema "hili limetokea kwangu".

Linganisha na tunachokizoea. Choo cha shule kinabomoka kabla hakijatumika, mwenyekiti anasema muulizeni fundi, fundi anasema muulizeni mtendaji, mtendaji anasema fedha zilichelewa kutoka juu. Kila mtu ana sababu, na watoto wanaenda vichakani. Kiongozi ni yule anayesimama na kusema: fundi nilimsimamia mimi, nitawaeleza kilichotokea na tutakavyorekebisha.

3. ANAKUBALI KOSA, NA ANAKUBALI KUSHINDWA

Mwaka 1972 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilifuta halmashauri katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Mwaka 1976 ikavunja vyama vya ushirika vya wakulima. Nia ilikuwa kusogeza maendeleo karibu na watu, lakini matokeo yalikuwa kinyume. Maamuzi yakahamia kwa maofisa, na mkulima akapoteza chombo chake cha kusemea. Mwaka 1982 zikapitishwa sheria za kuvirudisha vyote viwili. Na mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alikiri katika mahojiano kwamba kama angeanza upya, hayo mawili asingeyafanya.

Jamani, hilo si jambo dogo. Rais aliyepo madarakani, anayesikilizwa dunia nzima, anasema hapa tulikosea. Na kukiri kule hakukuwa maneno matupu, maana halmashauri tulizonazo leo na ushirika wa leo vinatokana na masahihisho yale. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anayekaa kwenye mkutano wa AMCOS yake akauliza malipo yake yamefikia wapi, anatumia haki ambayo iliwahi kufutwa na ikarudishwa kwa sababu watu walikubali kujisahihisha.

Vuka mpaka sasa, hatua chache tu mpaka Nakonde. Kenneth Kaunda aliongoza Zambia miaka 27 tangu uhuru wa mwaka 1964. Huyu na Nyerere ndio waliosimama pamoja mpaka reli ya TAZARA ikajengwa na Wachina, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, baada ya nchi za Magharibi kukataa kuigharamia. Mzee alikuwa na makosa yake, mfumo wa chama kimoja ukiwemo. Lakini Oktoba 1991, baada ya kukubali vyama vingi, alishindwa uchaguzi na Frederick Chiluba, akaondoka ofisini kwa amani. Angeweza kugoma, jeshi alikuwa nalo. Alikubali jibu la watu alipoliona. Kura nayo ni swali, wadau. Kiongozi anayeuliza swali huku akikubali jibu la aina moja tu, huyo hajauliza.

4. ANAACHA UTARATIBU, HAACHI JINA TU

Tuje kwenye tunachokiona kila siku kwa macho yetu: malori. Asiyeijua Tunduma aelewe kwamba hapa ndipo mizigo mingi ya bandari ya Dar inapotokea kwenda Zambia na Kongo. Foleni ikivurugika, mji mzima unaumwa. Dereva amekwama, mzigo umekwama, bodaboda hawezi kupita, mama anayewahi hospitali naye amekwama.

Tuna aina mbili za uongozi hapa. Ya kwanza ni ziara ya kushtukiza. Kigogo anafika na msafara, kamera zinawaka, anafoka, anampa mtu saa 24, watu wanapiga makofi. Siku hiyo malori yanatembea vizuri kabisa! Baada ya wiki mambo yanarudi palepale. Paka akiondoka panya hutawala. Sisemi ziara ni mbaya, wakati mwingine bosi lazima aone mwenyewe. Ila kama kazi inafanyika bosi akiwepo tu, ujue kilichokuwa kinaongoza ni woga.

Aina ya pili ni kubadilisha namna kazi inavyofanyika. Zamani dereva alikamilisha karatasi zote upande wa Tanzania, kisha akavuka na kuanza upya upande wa Zambia. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Edgar Lungu walifungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha Tunduma na Nakonde. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa sehemu moja, anayetoka Tanzania anahudumiwa upande wa Zambia, anayetoka Zambia anahudumiwa upande wetu, unasimama mara moja badala ya mbili. Magufuli alifariki Machi 2021. Lungu alishindwa uchaguzi Agosti mwaka huohuo, akaondoka, na alifariki mwaka 2025. Wote wawili hawapo, lakini kituo kinafanya kazi.

Sasa mtaniambia: mbona foleni bado tumeziona ndefu hata baada ya hapo? Ni kweli, na sitaki kuwapiga changa la macho. Malori yameongezeka, mtandao unaweza kugoma, na jengo peke yake halisukumi lori. Lakini tofauti ni hii: sasa unajua umuulize nani na kuhusu nini. Ukiwa na utaratibu unaweza kuuliza ni hatua ipi imekwama. Ukiwa na kigogo tu, unaweza kuomba arudi kufoka tena, basi.

5. HANUNUI UKIMYA WAKO

Wale wakubwa wenzangu mtakumbuka neno takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa jadi. Mwaka 2006, baada ya mashirika ya kiraia kufungua kesi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo ni kinyume na Katiba. Sababu yake ni rahisi kuielewa hata bila kusoma sheria: mwenye fedha anakirimu, asiye nazo anakosa kura, na mwananchi aliyekula anajikuta ana deni.

Hilo la deni ndilo kubwa kwangu. Shilingi 5,000 na kilo ya sukari havinunui kura tu, vinanunua swali ambalo ungeuliza miaka mitano ijayo. Ukisimama mkutanoni atakuangalia tu usoni, na wewe mwenyewe utakaa chini. Yule mwenyekiti wa kwanza wa kijiwe alifanya hivyohivyo, kwa njia ndogo zaidi. Alikuwa anawanunulia wenzake chai asubuhi. Nani angemuuliza habari za daftari huku anakunywa chai yake?

VIPI KUHUSU UKALI?

Najua kuna wadau watakaosema Mwafrika anataka kiongozi mkali, na watamtaja Edward Sokoine. Nawaelewa. Mwaka 1983 akiwa Waziri Mkuu aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi wakati watu wanapanga foleni ya sabuni. Alipofariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, nchi ililia kwelikweli. Watu walimpenda kwa sababu waliona haogopi wakubwa.

Lakini tusome na ukurasa wa pili. Sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka 1983 iliweka mabaraza maalumu ambako mtuhumiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Mtu anashitakiwa, anakosa hata wa kumsaidia kuuliza "ushahidi uko wapi?" Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa, ikaja nyingine iliyozipeleka kesi hizo Mahakama Kuu. Maana yake hata waliokuwa serikalini waliona kwamba ukali usioulizwa maswali unaweza kumkanyaga asiyehusika. Kwa hiyo mkali sawa, tena wakati mwingine tunamhitaji. Ila awe mkali anayejibu. Mkali asiyejibu, leo anamfokea unayemchukia, kesho ni zamu yako.

SISI TUNAFANYA NINI?

Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 ukimegwa kutoka Mbeya, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.3. Wengi ni vijana. Tumesogezewa ofisi Vwawa, hatuendi tena Mbeya kwa kila kitu. Lakini ofisi kusogea karibu haisaidii kama sisi wenyewe hatusogei kuuliza. Na hapa sitaki kuwadanganya, kuuliza kuna gharama. Utaitwa mkorofi, utaitwa mpinzani hata kama huna kadi ya chama chochote, wapambe watakununia. Ndiyo maana nashauri tuulize kwa akili:

- Uliza ndani ya mkutano, mbele za watu, si pembeni wala kwa matusi. Swali la pembeni linajibiwa kwa soda.
- Uliza kwa namba. "Mnatuibia" ni tuhuma. "Tulichanga kiasi gani, kimetumika kiasi gani, kimebaki kiasi gani" ni swali, na halimtukani mtu.
- Usiende peke yako. Mkiwa watano mnauliza jambo moja, hakuna wa kuitwa mkorofi.
- Omba liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Kisichoandikwa kitakanushwa.
- Na akijibu vizuri, mshukuru hadharani. Kiongozi mzuri naye anachoka kama kila siku anasikia lawama tu.

Mwisho kabisa, tujiangalie na sisi. Wengi mnaosoma hapa mna uongozi tayari, hata kama hamuuiti hivyo. Wewe ni mweka hazina wa kikoba, wewe nahodha wa timu ya mtaa, wewe kiongozi wa kwaya, wewe msimamizi wa mchango wa harusi ya rafiki yako. Daftari lako liko wapi? Mara ya mwisho ulilisoma lini mbele ya wenzako bila wao kukudai? Tunawasema mafisadi wa Dar es Salaam na Dodoma kwa nguvu zote, wakati hela ya jezi tunajua sisi wenyewe ilikoishia.

Yule kijana aliyevunjika mguu alipona, ila anachechemea. Juzi nimemkuta kijiweni. Siku hizi yeye ndiye anayeandika daftari. Nikamtania, nikamwambia naye amekuwa mnoko. Akanifungulia ukurasa wa Jumamosi iliyopita, akanionyesha jina la nani halijalipa. Lilikuwa la mwenyekiti.

Naomba kuwasilisha. Kama huko kwenu Mlowo, Vwawa, Itumba, Mkwajuni au Kamsamba kuna mwenyekiti anayesoma hesabu bila kulazimishwa, tuelezeni anafanyaje, wengine tujifunze.